Tuta Lililobaki Katika Bustani ya Patroni

Mwaka jana nilialikwa Kigali kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, mtoto wa mpwa wangu. Ilifanyika katika ukumbi wa hoteli. Kulikuwa na maputo, keki ya ghorofa na mshereheshaji aliyekishikilia kipaza sauti kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nilikaa nikisubiri watoto waitwe nje kwenda kulima. Waliitwa kweli, wakapangwa, wakapigwa picha, wakapewa soda, wakatawanyika. Nikamuuliza mama aliyekaa karibu nami, "Kwani hawalimi?" Akatazama sakafu. "Walime wapi, dada? Kwenye hii marumaru?" Tulicheka wote wawili. Kisha yeye akarudi kwenye keki yake, nami nikabaki na uma mkononi, mawazo yamekwisha kukimbilia Gikondo, mtaa wa utoto wangu, kwenye ile bustani ambayo hata wewe rafiki yangu sijawahi kukusimulia.

Ngoja kwanza nikueleze hiyo habari ya kulima. Kwetu Rwanda, mtoto akifikisha siku ya nane, watoto wa majirani huitwa wote. Hupewa majembe madogo, au vijiti tu vilivyokatwa kwa mfano wa jembe, nao hulima kipande cha ardhi kwa mbwembwe zote. Kabla hawajachoka, mtu mzima huwanyunyizia maji na kupiga kelele kwamba mvua imekuja. Hapo ndipo ilipo raha yenyewe. Majembe hutupwa, watu mbio hadi mama alipokaa na kichanga chake, na chakula kimekwisha kupakuliwa. Chakula hicho kinaitwa ubunnyano. Ni maharage na mchicha, wala si kitu cha ajabu, lakini maharage yanayogombewa na mikono mingi yana utamu wake. Ukishakula, unampa mtoto jina. Kila mtoto atatoa lake, la busara au la kipuuzi, na wazazi watayasikiliza yote kabla baba hajatamka la kwake. Siku hiyo hakuna mtu mzima wa kukunyamazisha, na kwa mtoto aliyelelewa na bibi kama wangu, hiyo haikuwa neema ndogo.

Shida yetu sisi wa Gikondo ya bondeni ni kwamba hatukuwa na pa kulima. Nyumba zilibanana katikati ya magaraji na maghala, na ardhi yote ilikuwa nyeusi kwa oili. Akina mama walituacha tukwangue udongo wa vichochoroni. Mwaka ule vita vilipoanza kaskazini, kulikuwa na sherehe ya jina nyumba ya tatu kutoka kwetu, na katika kukwangua huko msichana mmoja akakanyaga kipande cha chupa. Damu ilikuwa nyingi, ubunnyano ukalika kwa vilio. Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mwenye garaji, anafuta mikono kwa kitambaa, anatazama.

Huyo ndiye Patroni. Hivyo ndivyo mafundi wake walivyomwita, na mtaa mzima ukafuata. Alikuwa mtu mrefu mwenye tumbo la heshima, aliyekulia Bukavu, upande wa Kongo, na kurudi na Kiswahili cha huko, akakichanganya na Kinyarwanda chetu hadi akapata lugha yake peke yake. Kazi yake ilikuwa kununua malori yaliyokufa na kuyauza vipandevipande. Mkewe tulimwita Madamu. Alikuwa mshonaji, mkimya, mwenye vidole vinavyonukia mafuta ya cherehani. Hawakuwa na mtoto. Walikuwa wameoana kabla mimi sijazaliwa, na mtaa wetu, ambao kwa mambo mengi ulikuwa na huruma, kwa hilo haukuwa nayo. "Asiye na mwana aeleke jiwe," ungewasikia akina mama bombani, kwa sauti iliyopimwa vizuri ili ifike. Madamu alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaenda.

Chini ya garaji Patroni alikuwa na kiwanja. Alikinunua zamani ajenge nyumba kubwa ya watoto wake. Watoto hawakuja, kiwanja kikajaa vyuma chakavu na panya. Basi wiki ile ya mguu uliokatwa na chupa, tukaona vibarua wanahamisha vyuma. Halafu likaja lori la udongo mwekundu mzuri kutoka upande wa Kabuga, na jingine, na jingine. Mtaa ukaanza kazi yake ya kukisia. Wengine walisema baa. Wengine walisema anajenga ghala la kahawa. Bibi yangu, ambaye hakuamini kitu cha bure isipokuwa neema ya Mungu, na hiyo pia aliichunguza, alisema, "Subirini. Ataweka kiingilio."

Hakuweka. Alitumia pesa zake na vyuma vyake, na ndivyo tulivyopata bustani ambayo sidhani kama iliwahi kuwa na mfano wake. Viti vilikuwa viti vya malori, bado vina chemchemi, ukikaa vinakurusha kidogo. Bembea zilikuwa matairi yaliyoning'inizwa kwa minyororo ya kuvutia magari. Kulikuwa na tangi la maji lililowahi kubebwa na lori la Benzi enzi za ujana wa lori hilo. Kulikuwa na gurudumu la kuzunguka lililofungwa kwenye beringi ya ekseli, lililolia hadi Patroni aje na kopo la grisi. Na lango, jamani, lango! Lilikuwa milango miwili ya lori, kulia na kushoto, na vioo vyake vilipanda na kushuka. Tulivipandisha na kuvishusha mpaka mikono ikauma. Mpaka leo nikiingia kwenye gari naona uvivu wa vioo vya kubonyeza.

Majirani walipoona hakuna kiingilio, nao wakalainika. Huyu alileta vipandikizi vya maua, yule miche ya mapera. Bibi aliondoka siku moja asubuhi na shina la mchaichai ndani ya kanga, akalipanda kando ya tangi bila kumwomba mtu ruhusa, na tangu siku hiyo akaizungumzia bustani kama vile ni yeye aliyeijenga. Jioni harufu ya mchaichai ilichanganyika na ya grisi na ya udongo uliomwagiliwa. Sijakutana na harufu hiyo tena popote.

Patroni aliweka sheria moja tu: mtu mzima haingii ila amemshika mtoto mkono. "Hii iko ya watoto yote," alisema akiwa amesimama langoni siku ya kwanza. "Hata ule mwizi ya mapela, iko yake. Lakini mutu mukubwa hapana ingia yeye peke yake." Watu walicheka, kisha wakatazamana, maana wote walifikiria jambo moja. Yeye mwenyewe ataingia na nani?

Jibu tulilipata jioni ile ile. Tulisikia hodi. Bibi akafungua, akamkuta Patroni ameoga, amevaa shati safi, Madamu yuko nyuma yake.

"Bibi, niazime mutoto moya," akasema. "Nataka ingia kwa bustani yangu."

Bibi alilitazama lile shati safi. Akanisukuma mgongoni. "Mchukue huyu. Lakini mrudishe kabla ya chakula, na asipewe peremende."

Nilipewa peremende. Nilitembea katikati yao, mkono mmoja umo katika kiganja kigumu cha Patroni na mwingine katika vidole vya Madamu, na tukapita langoni kama watu wenye haki zao. Toka hapo nikawa mtoto wa kuazimwa. Waliazima na wengine, siwezi kusema uongo, lakini mara nyingi walikuja kwetu. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na baba alikuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam ambaye tulimwona kwa bahati. Kwa hiyo sikuona ajabu kuazimwa. Niliona nina watu wengi.

Na kila mtoto aliyezaliwa mtaani, tulikwenda kulima bustanini. Kipande tulichokilima hatukukiacha hivi hivi, Patroni alikizungushia matairi yaliyofukiwa nusu na kupakwa chokaa, Madamu akapanda maua, kikawa tuta la mtoto yule. Bustani ilikua hivyo, mtoto kwa mtoto, ikishuka kuelekea bondeni. Mama akipita na kichanga mgongoni angekwambia, "Langu ni lile la maua ya njano." Watoto wakubwa walimwagilia matuta ya wadogo zao na kupigana kwa ajili yake. Siku tulipokuwa tunalima Patroni ndiye aliyekuwa mvua. Alipanda juu ya tangi na ndoo, akatunyeshea bila huruma, na kelele zake zilisikika mpaka kanisani.

Lakini palikuwa na mahali pamoja pasipoguswa. Palikuwa karibu na tangi, mahali pazuri kuliko pote, pana jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Matairi yalikuwa yamekwisha kufukiwa na kupakwa chokaa, ila ndani hamna kitu, majani tu. "Hapa hapana lima," Patroni alituambia. "Lima kule kote. Hapa acha." Sisi tuliamua amefukia dhahabu. Nilipomweleza bibi habari za dhahabu hiyo alikuwa akichambua maharage, akaacha kuchambua. "Hilo ni la kwake," akasema. "Na ole wako nikusikie umemuuliza."

Miaka ile haikuwa mizuri, hilo unalijua. Watu walianza kuongea kwa kunong'ona, na vitambulisho, vilivyoandikwa kabila la mtu, vikawa vinatazamwa mara mbili. Vijana wa vyama vya siasa walipita barabarani na bendera na filimbi. Siku moja walifika langoni wakitaka bustani kwa mkutano wao. Nilikuwa kwenye bembea, nikasikia yote.

"Patroni, tunaomba uwanja. Tuko na mukutano."

"Karibuni," akasema Patroni. "Lakini hapa mutu anaingia na mutoto mukononi. Mutoto iko wapi?"

Walidhani anatania. Mmoja alicheka, mwingine hakucheka. Patroni alisimama pale pale, mkono juu ya kioo cha lango, tumbo mbele, mpaka wakaondoka. Yule asiyecheka aligeuka akamtazama Patroni, kisha akawatazama watoto, kisha akamtazama tena. Nilimsimulia bibi. Alikwenda akafunga mlango, ingawa jua lilikuwa bado lipo.

Halafu, mwaka uliofuata ukielekea mwisho wake, Madamu akaanza kula mapera mabichi kwa chumvi. Mimi niliona ni uroho. Bibi aliona kitu kingine, akaenda kwao na kibuyu cha uji wa mtama, akarudi anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. "Kimya," akaniambia kabla sijafungua mdomo. Lakini mtaa haujui kimya. Bombani mazungumzo yalikatika Madamu alipofika, safari hii kwa sababu nyingine, na mmoja wa wale waliokuwa na jiwe mdomoni alimchukulia ndoo, akambebea mpaka kwake. Patroni alipaka chokaa upya yale matairi ya karibu na tangi. Alipokuja kuniazima aliniambia, "Sasa mama, karibu sitakopa tena." Nilicheka, na papo hapo nikaona wivu. Nilikuwa na miaka karibu kumi na moja, umri mbaya wa kubadilishwa na kichanga.

Hata hivyo wivu ulishindwa na hamu. Sisi watoto hatukuzungumza kingine. Hatimaye tungelima palipokatazwa! Kila mtu alikuwa ametafuta jina na kulificha, maana jina halitolewi kabla ya kula. Mimi langu lilinijia nikiwa juu ya bembea, nikalipenda hapo hapo, na kila usiku nililitamka ndani ya shuka ili nisije nikajikwaa siku yenyewe.

Likizo ya Pasaka baba akafika ghafla. Alikuwa anashuka Tanzania na lori, akasema atanipeleka Ngara kwa shangazi, nikae naye likizo yote. Nilikataa. Nililia hadi bibi akanitishia mwiko. Madamu alikuwa karibu kabisa, na siku ya nane ingenikuta nikiwa Ngara nachunga mbuzi wa watu. Nilitoroka nikakimbilia bustanini. Nilimkuta Madamu amekaa kwenye kiti cha lori, miguu imevimba, anashona kitu cheupe.

"Wananipeleka mbali," nikamwambia. "Mutalima bila mimi."

"Nani amesema? Wewe uko mutoto wetu ya kwanza. Tutakungoja."

Bibi alikuwa amenifuata, anahema. "Siku ya nane haingoji mtu," akasema.

Madamu akacheka, akanivuta karibu. "Basi unipe jina yako sasa. Nitaliweka. Siku ile nitasema mimi: hili imetoka kwa ule wetu wa Ngara."

Nilifumba mdomo nikatikisa kichwa. Jina hutolewa baada ya kulima, baada ya mvua, baada ya kula. Kila mtu anajua hivyo. Hata yeye alikuwa anajua, akaniachia. "Sawa, mama. Uko na haki. Utarudi nalo." Nilipanda lori na lile jina kifuani, nikanuna mpaka tukaipita Kabuga, na baba aliponinunulia mahindi ya kuchoma nikayala kwa hasira.

Hazikupita siku nyingi, Aprili ikaanza kutuletea watu. Walivuka mto kuja Ngara, wengi kiasi kwamba vilima vilibadilika rangi. Unajua kilichotokea, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mimi sina uwezo wa kukisimulia na wala sikukiona. Nilichofanya mimi ni kuuliza. Nilimwuliza kila aliyekuwa na sura ya Kigali kama anaijua Gikondo ya bondeni, bustani yenye milango ya lori. Ilipita miezi kabla baba hajakutana na fundi mmoja wa garaji ile. Patroni na Madamu waliuawa siku za mwanzo. Bibi yangu aliuawa pia, alikuwa nyumbani kwao, alikwenda kukaa na Madamu kwa sababu siku zilikuwa zimetimia. Fundi hakujua zaidi. Hakuna mtu, hata mmoja, hata leo, aliyeweza kuniambia kama mtoto alizaliwa.

Nilikulia Tanzania. Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili hiki kilichonyooka ambacho Patroni angekicheka. Nina wanangu, na kila mmoja alipozaliwa lile jina lilinijia mdomoni, nikalimeza. Halikuwa lao.

Asubuhi baada ya sherehe ya hoteli nilichukua pikipiki nikaenda Gikondo. Magaraji mengi yamehamishwa, na bondeni kule kulikokuwa na oili sasa kunaota matete na ndege wamerudi. Kigali ina bustani nzuri siku hizi, zenye vijia na viti na taa. Nimetembea humo, nimefurahi kuona watoto wa watu wanakimbia, wala sina kinyongo. Ila natafuta kitu nisichokiona. Nataka mtu anionyeshe kwa kidole, aseme lile ni tuta la fulani, lile la maua ya njano. Majina ya matuta yetu niliyajua yote. Wengi wa wenye majina hayo hawakufika hata darasa la kwanza.

Kiwanja cha Patroni nilikijua kwa mteremko wake. Kimejengwa jengo la ghorofa, lina ukuta na lango la chuma. Mlinzi, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, alikuwa anamwagilia maua ya nje kwa ndoo. Sikumwomba kuingia. Sikuwa na mtoto mkononi. Nje ya ukuta palibaki utepe mwembamba wa udongo, nami nilipokadiria lilipokuwa tangi, nikaona ni hapo hapo au karibu. Nikaokota kijiti, nikachuchumaa na nguo ile ile ya sherehe ya jana, nikaanza kulima.

"Mama, umepoteza kitu?" akauliza.

"Nisaidie maji kidogo, mwanangu."

Alidhani nataka kunawa. Akaja na ndoo, nikanyoosha mikono yenye udongo, akanimiminia polepole, kwa adabu, mpaka maji yakanirukia usoni. Nilitupa kijiti. Chakula hakikuwapo, lakini nilikuwa nimengoja vya kutosha, na nadhani Madamu angeniachia hilo. Nikalitamka kwa sauti.

"Uwacu."

Kwa Kinyarwanda ni wetu, mtu wa kwetu. Nililichagua nikiwa juu ya bembea kwa sababu niliona haiwezekani mtoto huyo akawa wa Patroni na Madamu peke yao, sisi wote tulikuwa tumemngoja.

Kijana aliangalia kulia na kushoto kuona ninamwita nani. "Uwacu ni nani, mama? Iko mutoto yako?"

"Ni mtoto wa jirani," nikamwambia, nikapangusa mikono kwenye gauni. "Sasa hivi angekuwa mkubwa kuliko wewe."